Shamba la Bwana Sharan Lahamia Diski ya Pili

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeitwa na Bwana Sharan. Saa mbili na robo asubuhi, kabla sijaketi! Kutoka mezani kwangu hadi mlangoni kwake ni hatua kumi na tisa. Zote nilizitumia kukumbuka makosa yangu. Jalada la vibanda vya soko nililolirudisha kichwa chini. Stapla iliyopotea. Chafya yangu katikati ya sala ya asubuhi.

Hari Sharan ni karani mkuu wa masijala yetu hapa Labasa, mji wa miwa kisiwani kwetu. Hajapata kumfokea mtu. Hana haja. Akivua miwani tu, unakiri mwenyewe. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini iko kwenye trei yake, pamoja na ya Losena, karani mwenzangu. Sote wawili tunamaliza miezi sita ya majaribio Ijumaa hii. Kuna uvumi kwamba nafasi ni moja. (Uvumi niliuanzisha mimi, kwa kuwaza kwa sauti.)

Akafunga mlango. Akauliza kama naijua kompyuta. Nikasema naijua sana. Kwa nini nilisema hivyo? Woga. Mtu mwoga hukubali kwanza, halafu ndipo husikiliza.

Kumbe si kazi ya ofisi. Ni gemu! Bwana Sharan anacheza gemu la kilimo, mwaka wa saba sasa. Mkewe anadhani anaandika mihtasari ya kamati ya hekalu. Kompyuta imejaa hadi kooni na imeanza kugoma. Amenunua diski ya pili, nyeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, na anataka shamba lake lihamie humo. Kompyuta ameileta kwenye buti la gari ikiwa imefungwa shuka la maua. Kazi nitaifanya saa ya chakula cha mchana, ndani ya stoo ya majalada yaliyofungwa. Mtu asijue.

Kisha akanionyesha. Ni shamba la miwa la baba yake, lile la ng'ambo ya mto. Muda wa kukodi ardhi ulikwisha, ombi lake serikalini la kuongezewa likakataliwa, wenye ardhi wakairudisha kwao, na akina Sharan wakafungasha vyombo. Amelijenga upya humo ndani, mfereji kwa mfereji, hadi dirisha la jikoni lililopinda. Ng'ombe wanne wa kulima: Moti, Hira, Sona na Lalu. Miwa imesimama kama siku walipoondoka. Miaka saba anaizungukia tu, hajakata hata muwa mmoja.

Wenye ardhi ile ni ukoo wa mama yangu. Hakulitaja hilo. Nami sikulitaja.

Akavua miwani. Akasema: "Usiniharibie, Sireli. Moja limeshakwenda."

Jumanne, 6 Agosti

Nina mpango. Nimeangalia video ya jamaa mmoja wa Queensland, dakika kumi na mbili, mara tano. Anaongea kama mtu anayenadi ng'ombe. Nimeandika hatua zake kumi na nne kwa mwandiko safi na kuzigonga muhuri wa tarehe, kwa tahadhari.

Jambo lenyewe ni rahisi. Gemu huweka shamba kwenye folda moja katika diski ya kwanza, na halijui kutafuta kwingine. Basi unaihamisha folda kwenda diski ya pili, na pale ilipokuwa unaacha kibao: tumehamia kule. Gemu likija linagonga mlango wa zamani, linasoma kibao, linakwenda. Kama duka la vitambaa lililohama barabara kuu.

Saa sita na nusu nikajifungia stoo. Hatua ya kwanza hadi ya nne. Mstari wa kijani ukawa unatambaa kama konokono mwenye mawazo mengi.

Mara Losena akagonga. Anataka jalada la leseni za mikate. Nikamwambia kupitia mlangoni asiingie, kuna panya. Akasema yeye kakulia kwenye ghala la kopra, nazi zilizokaushwa, panya ni majirani zake. Nikamwambia huyu ni panya mkubwa. Akauliza, "Mbona huyo panya anahema kama wewe, kaka?"

Anajua kitu. Nina hakika anataka kunichongea. Aliporudi aliniwekea kikombe cha chai mezani. Sikukinywa hadi alipokunywa chake.

Jumatano, 7 Agosti

Saa 6:40. Folda imefika diski ya pili. Ya zamani nimeifuta, kama hatua ya nane inavyosema. Kibao nimekiweka, hatua ya tisa. Nikafungua gemu. Shamba hilo! Moti anakula majani. Hira amesimama nyuma yake. Mimi, Sireli, nimehamisha shamba zima na ng'ombe wote bila kumwaga hata ndoo ya maji. Nilisimama peke yangu kati ya makabati nikajipigia makofi, taratibu.

Hapo ndipo mwenye akili angefunga mlango na kwenda kula.

Saa 6:52. Ukaguzi wa mwisho. Sikuagizwa, ni bidii tu. Nikafungua mahali pa zamani. Mafaili yote yapo! Nikafungua diski ya pili. Nako yapo. Yaleyale, majina yaleyale, tarehe zilezile. Masijala ina kanuni, nayo ndiyo ya kwanza tuliyofundishwa: waraka mmoja, mahali pamoja, nakala ya ziada huharibiwa, na aliyeharibu hutia sahihi. Bwana Sharan mwenyewe ndiye aliyeiandika ukutani. Angefungua kompyuta akakuta nakala mbili, angesema nini?

Nikachagua yote ya mahali pa zamani. Nikafuta. Si kufuta kwa kupitia kapu la taka, la. Kufuta kabisa, kama tunavyochoma. Nikatia sahihi kwenye karatasi ya hatua.

Saa 6:55. Diski ya pili ni tupu.

Nimeketi juu ya boksi la leseni za mbwa kuandika haya. Sasa naelewa. Kibao kile ukikifungua hakikuonyeshi maandishi, kinakuonyesha vitu vyenyewe vya kule, kana kwamba viko hapa. Haikuwa nakala. Nilipitisha mkono kwenye dirisha la nyumba ya zamani nikafagia nyumba mpya.

Saa 7:10. Bwana Sharan kachungulia. Akauliza shamba linaendeleaje. Nikasema linapumzika. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni vizuri, ardhi lazima ipumzike. Akaondoka akivuta wimbo puani. Hajapata kuimba ofisini!

Alhamisi, 8 Agosti

Sikula kifungua kinywa. Mama akasema nimependa mtu. Ningependa iwe hivyo.

Nimeamua kwenda kwa Filimoni. Ni mtoto wa mjomba wangu, mtani wangu, na ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi ya mabasi. Hakuna kitu cha umeme asichokijua. Ila kwenda kwa Filimoni ni gharama. Kwetu ndugu akikuomba kitu kwa kerekere, humnyimi. Ukimnyima umejivua nguo mbele ya ukoo. Na mtani ndiye mwenye mdomo mpana kuliko wote. Mwavuli wangu uko kwake. Redio yangu. Shati nililovaa siku ya mahafali analivaa kuuzia chaja.

Diski akiiona ataiomba. Naijua mboni ya jicho lake. Na akiiomba ndiyo basi.

Kwa hiyo: mpango! Kerekere haigusi mali ya serikali. Nikachukua lebo ya masijala, nikaibandika juu ya diski, nikagonga muhuri, nikaandika na nambari ili ionekane ya kweli: 44/1163. Nilivutiwa na 44. Ina heshima fulani.

Filimoni alinipokea kwa kelele. Eti karani wa serikali leo kashuka kuwatazama wanyonge! Eti nilivyokonda, majalada ndiyo yananila badala ya mimi kuyala! Nikamweleza shida kwa sauti ya chini. Akacheka hadi akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akavaa miwani ya kazi, akawa mtu mwingine. Akasema mafaili hayajapotea. Kilichofutwa ni majina yao kwenye rejista. Karatasi zenyewe bado ziko kwenye rafu, mpaka mtu aweke nyingine juu yake. Nikamwelewa mara moja. Kumbe kompyuta ni masijala iliyoajiri watu wavivu.

Akaniuliza kama nimeweka kitu kingine humo tangu jana. Nikasema sijathubutu hata kuipuliza vumbi. Akasema, "Basi uoga wako leo umekufaa, mtani."

Kazi ilichukua saa tatu nzima. Akayavuta mafaili moja moja kwenye kompyuta yake, kisha akayarudisha kwenye diski. Yote! Nilikaribia kumbusu kichwani.

Halafu likaja jicho lile. Akaigeuzageuza diski. Akasema ni nzuri. Akasema kwaya ya mjomba ina video nyingi za mazoezi na hazina pa kukaa. Akavuta pumzi ya kerekere. Nikamwonyesha lebo.

Akaisoma. Akaniangalia. Akairudisha polepole kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota. Nimeshinda! Mara ya kwanza tangu tuzaliwe!

Akaomba viatu vyangu. Nimerudi ofisini na malapa yake, moja la buluu na moja la kijani.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya barua. Diski iko mezani kwangu, shamba limo. Kilichobaki ni kuirudisha kwenye kompyuta saa ya mchana na kumwita Bwana Sharan. Nimejizoesha kusema "Karibu shambani" bila kutetemeka.

Saa sita nikaenda kununua roti ya viazi. Dakika tisa tu. Narudi, meza nyeupe.

Nikatafuta chini ya meza. Kwenye kapu. Ndani ya roti. Losena akaniuliza natafuta nini. Nikasema sitafuti. Akasema kama ni kile kisanduku cheusi, amenisaidia. Amekiona na lebo, akaona nambari haimo kwenye rejista, akaiingiza kwa niaba yangu ili nisipate lawama siku ya barua. Na kwa kuwa ni mfululizo wa 44, amekitia kwenye mfuko wa Suva.

Mfululizo wa 44! Vitu vilivyofungwa, vya kupelekwa makao makuu kuhifadhiwa daima. Nilifundishwa wiki ya pili. Nilipata alama tisini na tano katika mtihani ule.

Nikauliza mfuko uko wapi. Basi la saa sita na nusu, kwenda kwenye meli. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tatu. Nikakimbia. Mtu akikimbia na malapa ya rangi mbili kwenye barabara kuu ya Labasa, watu hawasahau. Mama mmoja muuza ndizi akasema, "Mpisheni, huyo kaona mkewe na mwingine!" Nikaliona basi. Nikamwona na kondakta. Kisha ikapita treni ya miwa, kati yangu na basi, mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Mabehewa hamsini na moja. Niliyahesabu, sikuwa na la kufanya. Masizi ya kiwanda cha sukari yakaniangukia kichwani kama baraka. La hamsini na moja lilipopita, stendi ilikuwa na mbwa tu.

Makao makuu hawarudishi kitu bila ombi lenye sahihi ya karani mkuu. Karani mkuu wangu ni Bwana Sharan. Yaani aombe shamba lake kwa serikali. Kwa mara ya pili maishani mwake.

Saa kumi Losena akaitwa. Akatoka na barua, macho yamemlowa. Nikampongeza. Ama mimi, Bwana Sharan akaniambia yangu ataisaini Jumatatu, tukishaona shamba pamoja. Akanitakia mapumziko mema.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekwenda kwa Filimoni kumwomba ushauri wa namna ya kuhama nchi.

Nikamkuta kwake, juu ya mkeka, na shati langu la mahafali, akicheza gemu. Nikamsimulia yote. Akacheka, bila shaka. Kisha akasema kwa nini nalia, nakala si bado iko kwenye kompyuta yake? Aliiacha alipokuwa anayarudisha mafaili.

Nakala! Laiti ningekuwa na viatu ningeruka. Kumbe kuna watu wanaoweka nakala ya ziada na mbingu haiwaangukii.

Nikamwambia anionyeshe. Akageuza kompyuta.

Nikauliza miwa iko wapi.

Akasema ameivuna. Ilikuwa imekomaa hadi inakauka, eti ni aibu, mwenye shamba gani huyu anaacha miwa miaka saba! Alifungua kupima tu kama mafaili ni mazima, tangu juzi hajasimama. Amevuna shamba zima na kupanda upya nusu yake. Nikauliza ng'ombe. Akasema kauza wale wazee wanne, kanunua mashine ya kuvunia. Akaniambia nitazame mashine, ina taa.

Nikaketi mkekani. Nikamweleza shamba ni la nani. Akaacha kutafuna. Akauliza, lile la ng'ambo ya mto, la kwetu? Nikasema ndilo. Akageukia tena kioo cha kompyuta. Akasema kule kwenyewe sasa ni pori, hawajui hata mfereji uko wapi. Yeye alikuwa hajui kwamba palikuwa na dirisha la jikoni.

Basi tukafanya kazi siku nzima, kimya. Amerudisha mashine sokoni. Ng'ombe walewale hawapatikani, tumenunua wanne wengine na kuwapa majina yaleyale. Miwa haiwezi kurudishwa ikasimama. Nimefikiria kila njia. Muwa ukikatwa umekatwa.

Akanipa nakala kwenye kidiski kidogo, tena chake mwenyewe. Akasema nisimrudishie. Filimoni!

Mpango wa Jumatatu: nitasema miwa ilianguka wakati wa kuhama.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeandika haya nikiwa hai.

Jana kanisani sikusikia neno. Leo saa sita na nusu nikaweka shamba kwenye kompyuta, nikamwita. Sikusema "Karibu shambani". Nikasogeza kiti tu.

Bwana Sharan akaketi. Akaangalia. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

Nikaanza: wakati wa kuhama, Bwana, kwa kawaida, miwa... Akainua kidole. Akamsogelea ng'ombe wa kwanza. Akasema huyu si Moti. Moti alikuwa na doa jeupe begani. Akaenda kwa Hira. Si Hira. Alipita kwa wote wanne, akitaja alama za kila mmoja, polepole, kama anasoma majina ya marehemu. Nilitamani panya yule mkubwa awepo kweli anile.

Kisha akaniuliza nani amekata miwa.

Nikakiri. Sikukiri yote, theluthi mbili. Diski, basi, Suva, na mtoto wa mjomba. Sehemu ya muhuri nilisema "kwa usalama". Akasema orodha ya mfuko aliisaini mwenyewe, kitu cha thelathini na moja, kisanduku cheusi kimoja. Alidhani ni ile stapla iliyopotea. Akauliza huyo mtoto wa mjomba ni wa ukoo gani.

Nikamwambia. Nikafumba macho.

Nikasikia kitu kama kikohozi. Nikafumbua. Bwana Sharan alikuwa anacheka! Mabega yanamtikisika, machozi kwenye miwani. Akasema, "Kumbe wanajua kuvuna!" Akarudia mara mbili. Kisha akasogea hadi kwenye shamba tupu, kwenye mistari ya miwa michanga iliyopandwa na Filimoni, akakaa hapo. Akasema baba yake asingeiacha isimame hata mwezi mmoja. Akasema mistari imepandwa karibu mno. Akasema kuhusu Moti na wenzake: ng'ombe huzeeka, na hata mzee mwenyewe aliuza wawili mwaka wa kimbunga. Lakini alilisema hilo akiwa amegeukia makabati.

Akatoa simu, akampigia kaka yake aliyeko Brisbane. Sikujua kama ana kaka. Inaelekea hata kaka alikuwa hajui vizuri. Walianza kwa kusalimiana kama watu wa benki. Baadaye wakawa wanabishana juu ya upana wa mfereji kwa sauti ambayo Losena aliisikia kutoka dirisha la mapokezi. Akaja mbio kwa sababu alidhani napigwa. Alishika rula ya chuma. Nilidhani amekuja kusaidia kunipiga, sasa sina hakika.

Alipokata simu, Bwana Sharan akaitoa barua yangu kutoka mfuko wa koti. Akaichungulia. Akairudisha mfukoni. Akasema kaka anataka kuingia shambani akiwa kulekule Brisbane. Na yule kijana wa ng'ambo ya mto naye aingie, arekebishe mistari yake. Watatu, shamba moja, wakati mmoja, kila mtu na kompyuta yake. Jambo hilo linawezekana? Akauliza kama mimi nalijua.

Sijawahi hata kulisikia.

Nikamwambia nalijua sana, na kufikia Ijumaa litakuwa tayari.